Mashini Nimeipata

Kwetu kambini, kwenye mashamba ya chai, neno mashini halitajwi ovyo. Mama hulitaja vile mwanamke humtaja mke mwenzake, kwa pembe ya mdomo, halafu anasonya. Mashini ndiyo iliyomrudisha baba kwao Nyamira na godoro lake mgongoni. Watu wawili wanaishika, mmoja huku, mwingine kule, wanaipitisha juu ya chai kama wanaonyoa kichwa, na kazi ya watu wengi imekwisha hivyo. Mama alibaki kwa sababu kuna miteremko ambayo mashini haifiki, na kwa sababu ya vidole vyake. Aki ya nani, hakuna mtu upande huu wa Kericho anayemshinda mama yangu Nyanchoka kuchuma.

Sasa mimi, Valary, na hiki kichwa changu, nikalibeba hilo neno nikaliingiza nyumbani.

Sisi tunaocheza gemu hatusemi laptop. Laptop ni ya kuandikia barua. Ile yenye nguvu, inayocheza mpira bila kukwama, hiyo tunaiita mashini. Mimi nafanya kazi kwa cyber pale mjini, nachapishia watu vyeti na picha za paspoti, na nikitoka nacheza na Amolo, msichana wa Kipkelion ambaye mdomo wake ni mchafu sana akikufunga. Laptop yangu ilikuwa imezeeka. Mchezaji wangu anapiga shuti leo, mpira unafika kesho. Feni inalia kama posho mill ikisaga mahindi. Amolo alikuwa ananifunga skrini yangu ikiwa imeganda, halafu ananitumia vicheko, na mimi sina roho ya kuchekwa.

Nikaanza kumsumbua Benard, anayeuza kompyuta karibu na stendi. Alinionyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, inakaa na chaji siku nzima, unaweza kufanyia kazi yoyote ya maana. Ya pili ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, ina kadi yake ya picha, taa nyekundu chini ya herufi, na chaji inayoisha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Benard mwenyewe aliniambia, "Dadangu, chukua hiyo ya kwanza, utanishukuru." Mtu mwenye akili angemsikiza. Mimi nilikuwa nimeshaona zile taa.

Jioni hiyo mama alikuwa anasonga ugali, mimi nimekaa mlangoni, simu sikioni.

"Mashini nimeipata," nikamwambia Amolo. "Ijumaa naenda kuichukua. Utalia wewe!"

Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria. Nilipokata simu akaniuliza, "Umepata mashini?"

"Ee, mama."

"Si ni nzito?"

"Ni nzito, lakini nitazoea."

"Na ile kelele yake?"

"Zote ziko na kelele, mama. Ukishaanza husikii."

Akaugeuza ugali polepole. Niliona ana swali lingine, nikaona akilimeza. Nikajiambia anadhani nanunua kitu cha kazi ya ofisi, na sikutaka aulize zaidi. Ningemwambia nini? Kwamba yeye anaamka na baridi, anafunga plastiki kiunoni, umande unamloweka mpaka kifuani, na mimi binti yake mtu mzima nanunua kitu cha kuchezea? Nilijua kuna mahali hajaelewa. Nikaona kutoelewa kwake kunanifaa, nikanyamaza.

Jumatano kwenye maombi ya akina mama alisimama akasema Mungu amemkumbuka Valary, amemfungulia mlango. Wengine wakajibu amina, lakini amina yao ilikuwa baridi, nikashangaa kwa nini. Mimi niliinamisha kichwa kama mtakatifu. Aibu ilinichoma mpaka masikioni, na bado sikufungua mdomo.

Ijumaa nilirudi na boksi langu, furaha hadi miguu ni miepesi. Nikampata mama amekaa mlangoni, nguo kavu, jua bado liko juu. Kikapu chake kilikuwa kimeoshwa, kimeinamishwa ukutani. Plastiki yake ilikuwa imekunjwa vizuri juu yake, kama nguo ya kanisa.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nimetoka."

"Umetoka wapi?"

"Kazi. Niliandikisha jina kwa Onyiego."

Onyiego ni nyapara wetu. Tulikuwa tumesikia wote lile tangazo lake: mzazi akikubali kustaafu mapema, mtoto wake anachukuliwa kushika mashini, na nyumba inabaki yao. Hakuna aliyelizungumzia kwa sauti, kwa sababu ni mtoto gani atamwambia mama yake atoke ili yeye aingie? Nikaanza kuelewa ile amina baridi: walidhani mimi ndiye nimemwambia atoke.

"Mama, mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini tena? Ulisema umepata mashini, halafu ukanyamaza. Nikajua unaogopa kuniambia nitoke." Alikuwa anatabasamu, na huo ndio ubaya wenyewe. "Nikasema wacha mtoto asiteseke na hilo neno. Nitoke mwenyewe, asilazimike kulisema. Ile mashini nimeichukia, Valary, lakini kama ni wewe unaishika, basi."

Halafu akaliona boksi. "Na hiyo ni nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria kudanganya, naapa, hata hapo. Lakini mikono yangu ilikuwa inafungua boksi yenyewe. Nikaiweka mapajani mwake, nikaiwasha, taa nyekundu zikawaka.

"Ndiyo hii, mama. Hii ndiyo mashini."

Aliitazama kwanza bila kuigusa. Kisha akaweka kidole kimoja juu ya herufi, kile kidole chenye weusi wa utomvu usiotoka hata kwa limau.

"Na hii inachuma nini?"

"Haichumi kitu. Ni ya kucheza."

Laiti angenipiga! Laiti angepiga nduru majirani wakaja! Alifunga tu kile kifuniko kwa mikono miwili, taratibu, asije akakivunja, akanirudishia.

Nilikimbia mpaka kwa Onyiego, sikufunga hata viatu. Nikamwambia kuna makosa, mama hakuelewa, afute jina. Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeingia shambani.

"Karatasi zimeshaenda ofisini. Mama yako nilimuuliza zaidi ya mara moja, akasema mtoto wake amekubali. Usipokuja Jumatatu, mtu mwingine atashika hiyo mashini, na nyumba ni yake."

Benard naye akaniambia kitu kikishawashwa hakirudi dukani. Na tukikosa nyumba ya kambi, mshahara wa cyber, ukitoa kodi ya chumba mjini, haubakishi hata unga.

Jumatatu nikavaa gambuti za mama. Zilinitosha kabisa, na hilo liliniuma kuliko kama zingenibana. Nilishika upande mmoja wa mashini, kijana mmoja wa kambi ya chini akashika ule mwingine, ikanguruma. Kelele yake inaingia kwenye meno. Nilipokuwa mdogo mama alinifundisha majani mawili na kichipukizi, usiguse kingine, utaumiza mti. Kile kitu kinakata kila kinachosimama mbele yake, jani, kijiti, ua, vyote vinaruka ndani ya mfuko wake wa nyuma. Wanawake ambao mama alikuwa akichuma nao walikuwa mteremko wa ng'ambo. Walisimama wakaniangalia, na hakuna hata mmoja aliyeniinulia mkono. Mimi pia nisingejisalimia.

Jioni nilimkuta mama ameweka laptop juu ya meza, ameifunika kitambaa cha kufuma, kile cheupe alichokuwa akiwawekea wageni.

"Cheza nione," akasema.

"Mama, leo sitaki. Mikono imechoka."

"Cheza. Tumeilipia wote. Wacha niione inafanya nini."

Akavuta kigoda akakaa kando yangu, mikono mapajani. Sijawahi kuiona mikono ya mama ikiwa haina kitu. Hata kanisani huwa inakunja leso. Sasa ilikuwa imelala tu pale, na mimi ndiye niliyeilaza. Nilitamani kulia lakini nikaona hata kulia nitakuwa namwibia, kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa yeye.

Amolo alikuwa hewani, akisubiri. Tukaanza. Mchezo ulikuwa laini ajabu, nyasi unaziona moja moja, kila kitu vile nilivyokuwa nimeota. Vidole vyangu ndivyo vilikataa. Vilikuwa bado vinatetemeka na ile mashini nyingine, nikitaka kupasi napiga nje, nikitaka kukimbia nasimama. Mama hakuelewa chochote, lakini alikuwa ameinama mbele, macho kwenye skrini, anajitahidi kufurahi kwa ajili yangu. Mpira ukapita katikati ya mabeki, ukaingia wavuni.

"Ee-ee!" Mama akapiga makofi. "Hapo sasa! Valary wangu! Hapo sasa!"

Nikataka kumwachia hiyo furaha. Ingekuwa rahisi sana, nyamaza tu, kama nilivyonyamaza ile jioni ya ugali. Nikaweka vidole chini.

"Mama, hilo si letu. Ni sisi tumefungwa."

Makofi yakaishia hewani. Akaitazama skrini, akanitazama mimi, akarudisha mikono mapajani.

"Si ungeniambia mapema," akasema.