Wiki Tatu za Mikono Mizuri

Aziza alikuwa na kazi moja tu aliyoipenda, na ndiyo iliyokuwa ikimla mikono. Kwa miaka ishirini na miwili aliosha wanawake wa Kiislamu waliofariki katika mtaa wao mjini Kisangani, yeye na Karima, aliyemwita yaya kama dada mkubwa na ndiye aliyemfundisha: pa kuanzia, namna ya kumwaga maji, namna ya kumgeuza maiti bila kumwaibisha. Siku moja, wakianika vitambaa uani, waliahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Hawakuapa. Kwa watu kama wale neno lilitosha.

Kisha ekzema ikaja. Ilianza katikati ya vidole, mwasho wa kuchekwa tu, ikapanda hadi viwiko. Ngozi ikakauka, ikapasuka, ikatoa maji. Arsène, muuguzi wa kituo cha afya, hakumficha kitu.

"Hii haiponake, mama. Tunaituliza tu. Ukinawa, pangusa polepole, pakaa mafuta palepale. Sabuni ya harufu, hapana. Kafuri, hapana. Na zile gants za mpira za mikono njo zinakuongezea."

"Na kazi yangu?"

Arsène aliinamia daftari lake, akaandika kitu.

Aziza aliyashika masharti yake kama mtu anayefunga Ramadhani. Alijipaka mafuta asubuhi na jioni, akakata kucha hadi nyamani, akalala na soksi mikononi huku wajukuu wakimcheka. Mikono ilitulia siku nne, tano. Halafu mtu akifariki, sabuni na kafuri ya kuoshea maiti ziliharibu yote. Na tangu habari za mpox na vipele vyake zienee mjini, watu walimsalimia kwa mbali. Alitembea na karatasi ya Arsène kifuani, imeandikwa kwamba ugonjwa wake hauambukizi. Nani anasoma karatasi? Watu wanasoma mikono.

Basi Karima akaugua figo, na hospitali ikamrudisha nyumbani. Maana yake kila mtu aliijua. Aziza aliangalia mikono yake. Mikono ile haikufaa hata kushika sahani, seuze kumwosha Karima.

Akaenda sokoni kwa Kasoki, mwanamke wa Butembo aliyeuza mafuta ya kujichubua. Aziza alikuwa amepiga hesabu zake: wale wanawake wanaojichubua hawana hata kipele kimoja. Hesabu gani hiyo, mama mzima!

"Hii iko ya kuchubua, mama Aziza," Kasoki alimwambia. "Haiko dawa. Siku utaacha, ngozi itakukasirikia."

"Nipe tu."

Ilifanya kazi. Siku ya nne nyufa zilikuwa zimefunga, na kwa wiki tatu Aziza alikuwa na mikono ya bibi harusi. Alikwenda kwa Karima kila alasiri, akamkanda miguu iliyovimba. Na katika wiki hizo tatu, kila alipoinua mikono ile mizuri kuomba dua, alijikuta akimwomba Mungu amchukue Karima upesi, kabla haijaharibika. Alijichukia. Kesho yake akaomba tena.

Alasiri moja Karima aliishika ile mikono, akaigeuza huku na huku.

"Mbona iko muzuri hivi? Sasa njo niende, ama?"

"Achana na maneno yako, yaya," Aziza alisema, akacheka. Uso ulimwaka moto kwa aibu.

Karima hakufa. Alidhoofu, akapata nafuu, akadai samaki, akadhoofu tena. Mafuta ya Kasoki yakaanza kushindwa. Wiki ya nne ngozi ilikuwa imekonda kama ganda la nyanya, na wiki ya tano ikapasuka yote kwa pamoja, viganja na migongo ya mikono. Arsène alipomwona alianza kugomba, kisha akaacha, akaanza kumsafisha vidonda.

Karima alifariki Alhamisi asubuhi. Aziza alikwenda akitegemea kufukuzwa mlangoni, lakini Aïcha, binti wa marehemu, alimfungulia pazia.

"Ingia, mama mudogo. Yeye alikutaka wewe."

Akajizungushia kitambaa cheupe mkononi kama walivyofanya siku zote. Aïcha alimwaga maji, Aziza akaanzia upande wa kulia. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, akipitisha kitambaa begani, aliona mstari mwekundu kwenye ngozi ya Karima. Damu ilikuwa yake yeye Aziza. Aliisuuza, akabadilisha kitambaa, akaendelea hadi mara ya tatu, na mstari ukawa pale pale. Maiti huoshwa mara tatu, au tano, au saba, alimradi idadi iwe witiri. Akaenda hadi tano. Akaenda hadi saba, mikono ikimwaka kwa sabuni, na bado alikuwa akimchafua yule yule ambaye yeye alikuja kumsafisha.

"Lete, mama mudogo," Aïcha alisema polepole. "Lete kitambaa."

Akampa. Akatoka nje, akaketi kwenye benchi na mikono yake chini ya kikwembe, kitenge alichojifunga, akisikiliza maji yakimwagwa na wengine.

Katika mtaa wao mwoshaji hupewa kikwembe cha marehemu. Walipomaliza, Aïcha alikileta kimekunjwa vizuri.

"Si mimi nimemuosha," Aziza alisema. "Chukua wewe."

"Iko yako. Mama alikiweka tangu ile siku ulikuja na mikono muzuri. Akaniambia nikuombe pardon. Alisema alijaribu kuenda haraka, mwili ikakataa."

Aziza alikipokea. Kilikuwa kipya, kigumu bado, na kilimkwaruza kwenye nyufa. Alikishika hivyo hivyo mpaka wanaume walipobeba jeneza na kuondoka nalo.