Chui wa Bwana Pelham

Bwana Pelham, Mwingereza aliyefuga wanyama, alitaka chui wake achorwe akiwa amekasirika. Bisheshar, mchoraji aliyeletwa Kalkata kutoka Patna, alikwisha kumchora mwili mzima kwa rangi za maji, unywele kwa unywele. Kilibaki kinywa tu. Lakini chui mwenyewe alijilaza uani, mnyororo shingoni, shibe imemlegeza. Hata alipotupiwa mawe hakujisumbua.

Bwana akamwamuru Jumman, mlishaji wa wanyama, amchome kwa mkuki. Jumman akasema pete ya mnyororo imelegea ukutani. Akaambiwa achome au afungashe virago.

Jumman akauchukua mkuki, akamkonyeza Bisheshar. Walikuwa wakitaniana tangu kazi ianze.

"Lalaji," akamwita kwa jina la heshima, "ukimaliza meno yake mchore na mama mkwe wangu. Hutabadilisha hata rangi."

"Huyo nani atamfunga mnyororo?" Bisheshar alijibu bila kuinua macho.

Mkuki uliingia ubavuni. Chui akanguruma, ufizi na ulimi vikaonekana, na Bisheshar akachovya brashi haraka. Jumman akachoma tena. Chui akaruka, pete ikachomoka pamoja na tofali lake, na Jumman akaanguka chali, meno ya mnyama yakiwa kooni mwake.

Mkono wa Bisheshar ulikimbilia karatasi kwanza, akaiinua isirukiwe na damu. Kisha akamtazama Bwana Pelham. Bunduki ilikuwa begani, kidole kwenye kifyatulio, lakini hakufyatua.

"Piga, bwana!"

"Nitatoboa ngozi. Ngoja ageuke."

Bisheshar akanyakua jiwe la kusagia rangi, akamrukia chui mgongoni. Pigo la kwanza lilimfanya amwachie Jumman na kuuchana mkono wa kushoto wa mchoraji hadi mfupa ukaonekana. Bisheshar aliponda, akaponda, jicho likatoka, fuvu likabonyea, na hata chui alipokata roho hakuacha kuponda. Alipotulia, Jumman naye hakuwa akipumua.

Bwana Pelham akakigeuza kichwa cha chui kwa buti, akatukana, akamcharaza Bisheshar usoni kwa fimbo ya farasi.

"Umekiharibu kichwa. Kaa uchore, ulimi ungali mbichi."

Bisheshar akainuka kama anayefuata karatasi. Jiwe lilikuwa bado mkononi. Alimpiga nalo Bwana mdomoni, meno yakamwagika juu ya mzoga. Akampiga tena, taya likavunjika, ndipo walinzi wakamvuta.

Alichapwa viboko sokoni mpaka mgongo ukachanika, kisha akatupwa gerezani. Hakimu alipomuuliza kama anajuta, alijibu kwamba anajuta kuiokoa karatasi kwanza. Hakimu akadhani anamkejeli, akamwongezea kifungo. Picha ilimaliziwa na mchoraji mwingine, ikasafirishwa Uingereza.

Alipofunguliwa, Bisheshar alikwenda nyumbani kwa mjane wa Jumman. Mama yule alikuwa barazani akichambua dengu, na hakumkaribisha. Alimuuliza tu kama mumewe aliita mtu yeyote.

"Hakupata nafasi, shemeji."

Mjane aliutazama mkono wa kushoto wa Bisheshar, uliokuwa ukining'inia kama kamba. Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu. Mwishowe akausogeza ungo pembeni, akampisha nafasi kwenye mkeka.

"Nihadithie," akasema. "Usinifiche kitu."

Bisheshar akaketi.