Wymond na Uso wa Dhahabu

Kila Sikukuu ya Mwili wa Kristo, chama chetu cha wauza vitambaa huigiza Siku ya Hukumu, na Mungu huwa ni mume wangu, Wymond. Huvaa uso wa bandia wa dhahabu, na kwa desturi yetu hapa mjini York, aliyeuvaa hasemi neno lake mwenyewe, ila maneno ya mchezo tu, mpaka gari la mchezo, linalosukumwa mtaa hadi mtaa, limalize kituo cha mwisho. Mtu mkaidi huipenda sana desturi ya namna hiyo.

Mwaka mmoja mdogo wake, Hamo, alirudi kutoka baharini. Hawakuwa wakisemezana tangu mama yao alipougua hadi akazikwa bila Hamo kutokea. Wymond alikataa kumfungulia mlango, basi Hamo akaomba kuigiza miongoni mwa waliolaaniwa. Aliniambia, huku akijipaka masizi, kwamba hapo angalau kaka yake atalazimika kumtazama.

Alimtazama kweli. Hamo alipopiga magoti, niliona mabega ya mume wangu yakitikisika. Namjua, alikuwa akilia. Lakini kilio hakionekani nyuma ya dhahabu, na sauti ikatoka kama ya mtu mwenye hasira: "Tokeni mbele yangu, nyie mliolaaniwa." Watu wakashangilia. Gari likasukumwa mtaa wa pili, Hamo akafukuzwa tena, na wa tatu vilevile.

Nilimfuata Wymond nyuma ya gari nikamsihi avue dude lile amwambie ndugu yake neno moja tu. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole kule mwisho wa njia. Nilichukia mno. Husemwa damu ni nzito kuliko maji, lakini kwa Wymond desturi ilikuwa nzito kuliko vyote viwili.

Kabla ya kituo cha mwisho Hamo alinifuata, ameshanawa uso.

"Shemeji, mtu ukifukuzwa mara moja unasema ni mchezo. Mimi nimefukuzwa mji mzima."

"Subiri kidogo tu. Hana ruhusa ya kusema."

"Angetaka, si angenishika hata mkono?"

Akaniaga, akashika njia ya bandarini.

Kituo cha mwisho kilipokwisha, Wymond alivua uso, akashuka mbio kwa waliolaaniwa, akawa anawageuza mmoja mmoja. Nikamwambia kwamba Hamo ameshaondoka.

Akaketi chini palepale. "Mama alimsamehe kabla hajakata roho," akasema. "Aliniachia mimi nimwambie."