Kadi ya Zambarau

Kule alikotoka walimwita Fundi, na jina lilimkaa vizuri kama nguo aliyojipimia mwenyewe. Miaka thelathini alishona sare za shule, magauni ya harusi, na mapazia ya watu wenye madirisha makubwa kuliko akili zao. Kwa cherehani hiyo hiyo alimlea mdogo wake, Kitinda, tangu mama yao alipofariki. Kwa hiyo Kitinda alipompigia simu na kusema, "Dada, funga hicho kibanda, njoo ukae na sisi, umechoka sasa," Fundi hakuambiwa mara mbili. Cherehani alimwachia mwanafunzi wake, kibanda akakirudisha kwa mwenyewe, akaja na begi moja lenye nguo, mkasi na futi yake ya kupimia.

Kitinda alikaa na mumewe na binti yao mdogo, Kidoti, kwenye ghorofa ya kumi na moja, katika ule mtaa wa kando ya maji. Mtaa wenyewe, jamani! Mawe ya njia yanasuguliwa kwa sabuni kila alfajiri. Mbwa wanavaa makoti. Kuna duka lenye mkate mmoja tu dirishani, nao umewashiwa taa yake peke yake kama bibi harusi. Gatini zimefungwa mashua nyeupe ambazo Fundi hakuziona zikienda popote, na wenyewe huja Jumapili kuzikalia, kisha hurudi nyumbani. Fundi, kwa mazoea ya kazi, aliwatazama watu miguuni. Akagundua kwamba matajiri wa hapo huvaa suruali zisizopindwa, nyuzi zinaning'inia, na yule aliyechakaa zaidi ndiye mwenye gari refu zaidi. Alicheka peke yake hadi Kidoti akamvuta mkono.

Kidoti alikuwa na miaka minne na hakumwachia mama mkubwa wake hata kidogo. Kila saa kumi na moja jioni walishuka wote kutembea kwenye njia ya ufukweni. "Usitoke bila mtoto, dada," Kitinda alimwambia tangu wiki ya kwanza. "Atalia." Akampa pia kadi ya zambarau ya kufungulia milango, akamshauri apande lifti ya nyuma kwa sababu ya mbele hujaa. Fundi aliivaa ile kadi shingoni kama nishani. Akimpita mtu huinyoosha kidogo, ionekane.

Siku moja Kidoti aliamka na homa. Jioni, mtoto alipolala, Fundi akaona leo ndiyo siku ya kufika mwisho wa njia, kwenye daraja dogo jeupe ambalo miguu ya Kidoti ilikuwa haijawahi kulifikia. Alifika kwenye kizuizi cha kuingilia ile njia, mlinzi akainua mkono.

"Shikamoo mama. Samahani, saa hizi kadi ya zambarau haipiti bila mtoto."

"Marahaba, mwanangu. Haipiti vipi?"

"Saa kumi na moja mpaka saa moja njia ni ya wakaazi. Nyie wafanyakazi mnapita mkiwa na mtoto au mbwa."

"Umekosea. Mimi ni mkaazi. Nakaa kwa mdogo wangu, ghorofa ya kumi na moja."

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alitafuta kwenye simu yake ya kazi, akasita, kisha akamgeuzia kioo. Picha ilikuwa yake, na aproni kifuani. Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amewasili jana yake tu, akaingia jikoni awapikie, mikono imejaa unga. "Geuka, dada, tabasamu," Kitinda alisema. "Usivue aproni, umependeza hivyo hivyo." Chini ya tabasamu hilo paliandikwa: mfanyakazi wa ndani. Mwajiri alikuwa Kitinda.

Fundi alirudi juu kwa lifti ya nyuma, kwa sababu kadi yake haikuwahi kufungua nyingine. Hilo nalo alilijua siku hiyo.

"Ni karatasi tu, dada," Kitinda alisema, akiwa amekaa kando ya kitanda cha mtoto. "Ukiandikisha ndugu, kamati ya jengo inataka barua, inataka vikao. Mfanyakazi unamwandikisha dakika tano. Nilitaka kukueleza, nikasahau."

Yangeishia hapo, labda Fundi angemsamehe. Moyo wake ulikuwa tayari unamtafutia mdogo wake njia ya kutokea, kama ulivyozoea. Lakini akakumbuka Jumamosi.

"Na wale wageni wa Jumamosi? Ulisema meza imejaa, nikala jikoni. Yule daktari wa meno wa ghorofa ya tisa akaja kuniambia nina mkono mzuri, akakuuliza umenipata wapi. Ulimjibu nini?"

Kitinda alitazama dirisha.

"Ulimjibu nini, wewe?"

"Ungetaka nianze kuwasimulia watu habari za kibanda?" Kitinda alisema kwa sauti ya chini. "Huwajui watu wa hapa, dada."

Fundi aliumia mpaka akashindwa kukaa wala kusimama. Kumbe "njoo upumzike" ilikuwa kilemba cha ukoka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nguo hii Fundi aliishona mwenyewe kwa miaka thelathini. Hakumtukana. Alikwenda kumgusa Kidoti paji la uso, akaona homa imeshuka, akafungasha.

Asubuhi alitoka kwa mlango wa mbele wa nyumba, jirani mmoja akamfungulia ile lifti ya mbele. Haikuwa imejaa.

Chini, yule mlinzi wa jana, leo akiwa zamu ya mlangoni, alitazama begi, akatazama sakafu. "Mama, usinielewe vibaya. Mfanyakazi akitoka na mzigo, mwajiri anashuka, tunakagua, anatia saini kwamba hakuna kilichopotea."

"Mpigie," Fundi alisema.

Na hapo, pamoja na hasira zote, akajikuta anatumaini. Kitinda atashuka, ataona begi, ataona fomu, na atasema neno moja tu mbele ya mtu: huyu ni dada yangu. Likisemwa hilo, begi lingerudi juu. Alijijua.

Kitinda alishuka na ndala, macho yamevimba. Aliitazama fomu, akamtazama Fundi, akafungua mdomo. Mlango wa nje ukafunguka, akaingia daktari wa meno na mbwa wake mwenye koti.

"Ah, anaondoka?" daktari alisema. "Pole, jirani. Wazuri hawapatikani siku hizi."

Kitinda alifunga mdomo. Akachukua kalamu.

Mlinzi alifungua begi kwa adabu. Nguo tatu, mkasi, futi. Chini kabisa, gauni la bluu lililojaa pini.

"Hili si saizi yako, mama," alisema taratibu.

Wiki tatu Fundi alikuwa akilishona kwa mkono, kwa siri, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya Kitinda. Vipimo hakuhitaji kuvichukua. Alilitoa, akalikung'uta, akamwekea mdogo wake mikononi.

"Ni lako, bosi. Limebaki pindo tu. Tafuta fundi akumalizie."

Kitinda alitia saini. Fundi akavua kadi ya zambarau, akaiweka juu ya fomu, akachukua begi lake na kuufuata mlango unaotazama maji. Nyuma yake lifti ililia, daktari na mbwa wake wakaingia, milango ikafungwa.

"Dada!" Kitinda aliita wakati huo.

Fundi alimsikia, akaendelea kutembea.