Nguzo za Maegesho ya Nyuma

Hapa Rauma, pwani ya Finland, siku hizi Januari haina baridi ya maana: nyuzi mbili juu ya sifuri, mvua, tope. Hata hivyo wakazi wa jumba letu waliendelea kuchomeka magari kila jioni kwenye nguzo fupi zenye soketi za umeme, injini zipate joto kabla ya safari, kama walivyofanya wazazi wao enzi za baridi kali. Sasa nguzo zilikuwa zimeliwa na kutu. Mkutano wa wenye nyumba uliitwa kuamua: zibadilishwe au zing'olewe.

Taisto Rönkkö, mwalimu mstaafu wa fizikia, alikuwa na lake. Nguzo hiyohiyo iliendesha feni ya joto ndani ya gari, na mkewe Irja, aliyepoteza kumbukumbu, hakukubali kuingia gari lenye baridi. Teksi zilimtisha. Asipofika kituo cha wazee cha mchana, angepoteza nafasi na kupelekwa makao ya kudumu, mji mwingine.

Marjut, mwenyekiti, alimimina kahawa. "Mwalimu, tuambie wewe. Kwa hali hii ya hewa, injini inahitaji kupashwa?"

"Ya Pentti inahitaji sanda," jirani mmoja akadakia.

"Afadhali yangu," Pentti akasema. "Wewe unaazima baiskeli ya mkeo."

Taisto alingoja kicheko kiishe. "Injini haihitaji. Umeme unagharimu zaidi kuliko mafuta yanayookolewa."

Hakumtaja Irja. Kwetu mambo ya nyumbani hayapelekwi mkutanoni. Mikono ikainuliwa nguzo zing'olewe, na mkono wa Taisto pia.

Asubuhi ya kwanza bila nguzo, injini iliwaka mara moja. Irja aligusa kiti, akauondoa mkono.

"Hili si letu."

"Ni letu, mama. Litapata joto tukienda."

"Nenda wewe."

Blanketi alilopewa alilitupa chini. Taisto akaiacha injini ingurume. Dirisha la Pentti likafunguka.

"Mwalimu, kuungurumisha gari lililosimama ni marufuku, wajua. Moshi wote huku."

Taisto akaizima. Irja alikuwa amesharudi ndani. Kesho yake ikawa vilevile, na siku zilizofuata.

Mwezi Machi kituo kilipiga simu: nafasi imepewa mwingine. Siku ya kuhama lilikuja gari la wagonjwa, lenye joto la kutosha. Irja alipanda bila kushikwa mkono, akafunga mkanda, akamwambia Taisto, aliyesimama nje, afunge mlango.