Aliyetangulia Kupita Shambani kwa Arvid

Kwa maneno ya Bi Odile Beaudry, walikuwa kumi na wawili, wote wamevaa nyeusi kuanzia helmeti hadi buti, na wote ni watu wa Chicago. Alijuaje kuwa ni wa Chicago? Kwa jinsi walivyoendesha, alisema. Eti walitoka kwenye njia ya chama cha waendesha pikipiki za theluji pale konani kwa Arvid Salmela, wakapita juu ya miti yake ya Krismasi kama watu wanaopita sokoni, wakavuka mpaka, wakaingia uani kwake yeye Odile, wakalizunguka banda la kuni mara tatu na pikipiki zao za theluji. Na mmoja wao, akaongeza huku akimega mkate, alimtazama paka wake kwa dharau.

Hayo aliyasema Jumatatu asubuhi, kwenye mkahawa wa Senja Ruona wenye meza tano na jiko moja. Ilipofika saa nne, watu wa Chicago walikuwa wameshafika ishirini na banda la kuni limezungukwa mara saba. Senja alikuwa akikunja pai za nyama na viazi, na hakumkatiza. Alikwisha kujua kwamba ukimwacha Bi Odile aseme mpaka achoke, ukweli hubaki chini kama ukoko, ukisubiri kukwanguliwa.

Safari hii ukoko ulikuwa huu. Jumamosi, kama saa sita mchana, pikipiki zilipita kweli kwenye miti ya Arvid, na miche kadhaa ilikatika vichwa. Arvid naye ameikokota mashine yake ya kumwagia samadi, ameiegesha katikati ya njia, na amesema mbele ya posta, watu wakisikia, kwamba ile karatasi ya ruhusa ya kupita aliyowasainia watu wa chama mwezi wa Oktoba ataichana kwa mikono yake miwili.

Hapo Senja akaacha kukunja. Ekari arobaini za Arvid ndizo zilizoiunganisha njia ya msituni na kijiji. Bila hizo, njia iliishia kwenye mtaro wa barabara kuu, maili tano kutoka hapo. Wikiendi ya sikukuu ya Marais, mapumziko ya Februari, ilikuwa inaanza Ijumaa, na hiyo wikiendi moja ndiyo iliyomvusha Senja mpaka Aprili, miezi ambayo mlangoni kwake hawapiti ila kulungu na mtu wa posta. Pikipiki zisipofika, atafunga mkahawa. Hakuwa na haja ya kumweleza mtu. Kijiji kizima kilijua, na nusu yake walikuwa wameshamshauri auze mishumaa.

Mwenyekiti wa chama, Delbert, alimpigia simu kabla pai hazijaiva. Alisema ingefaa Senja ndiye aende kwa Arvid, kwa kuwa Arvid anampenda Senja na yeye Delbert hampendi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Ampelekee paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi, kama lile ambalo kila aliyetoa ardhi hupewa Krismasi, aombe radhi kwa niaba ya Chicago yote, arudi na karatasi ikiwa nzima. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Senja ndiye pia aliyeendesha trekta la kulainisha njia mara mbili kwa wiki, kwa sababu mgongo wa Delbert ulianza kuuma siku ile ile alipoombwa aliendeshe.

Alichukua paja la nguruwe na karatasi mbili tupu za ruhusa, endapo ile ya kwanza imeshachanwa. Lakini hakwenda moja kwa moja. Alisimamisha gari konani, akashuka, akatazama chini.

Theluji haikuwa imeanguka tena tangu usiku wa Ijumaa, na baridi ilikuwa imezigandisha alama zikabaki kama zilivyoachwa. Alama za juu zilikuwa pana, za mikanda mipya, zimenyooka kama rula. Akazihesabu. Chicago ilikuwa imetuma watu wanne. Miche minne au mitano ilikuwa imelala ubavu, vichwa vimekatika, na Senja akainama kuigusa, maana mti wa Krismasi huchukua miaka saba na pikipiki huchukua nukta moja.

Kisha akaona kwamba chini ya zile alama pana kulikuwa na nyingine, nyembamba, ya mkanda wa kizamani, na upande wa kushoto ilikuwa na mfereji mrefu kana kwamba kibao cha mbele cha kutelezea kimepinda. Hii haikunyooka. Ilikuwa ikipinda huku na huku mahali ambapo hapakuonekana kitu, theluji tupu, kama mtu anayepita katikati ya watoto waliolala sakafuni. Senja akavunja kijiti, akachomeka penye mpindo wa kwanza. Kikagonga mche. Akachomeka penye mpindo wa pili. Mche. Alichomeka mara sita, na mara zote sita kulikuwa na mti mdogo umefunikwa kabisa, na mara zote sita aliyepita alikuwa ameuzunguka.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua iliko miti hiyo, naye ni yule aliyeipanda.

Alisimama pale mpaka vidole vya miguu vikaanza kumlalamikia. Jumamosi trekta la chama lilikataa kuwaka hadi saa nane kwa sababu ya baridi, kwa hiyo watu wa Chicago walipofika konani waliikuta njia imefunikwa, haina alama hata moja. Vigingi vya kuonyesha njia vilisema kushoto. Alama ya Arvid ilisema kulia, safi, imeshindiliwa, ya mwenyeji anayejua anakokwenda. Mtu aliyeganda vidole hakisikilizi kigingi, humfuata aliyetangulia. Senja mwenyewe angemfuata.

Aliifuata kwa macho. Ilivuka mpaka, ikakatiza konde la Bi Odile, ikaishia kwenye ngazi za jikoni kwake. Ndipo Senja akakumbuka kwamba Bi Odile, ambaye kopo moja la iliki ya mkate lilikuwa likimtosha mwaka mzima, alikuwa amenunua la tatu tangu Krismasi.

Arvid alikuwa amesimama kando ya mashine yake ya samadi, akiilinda. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, aliyefiwa na mkewe miaka kumi nyuma, mrefu, mwenye kofia ya manyoya iliyokuwa ya baba yake. Alianza kusema kabla Senja hajafunga mlango wa gari. Alieleza kwamba ardhi ya mtu ni kama jiko la mtu, huingii bila kubisha hodi. Alieleza kwamba baba yake aliyang'oa mawe ya ekari hizi moja moja, na mawe yenyewe yako pale, aende akayahesabu akitaka. Alieleza kwamba hana ugomvi na pikipiki, ana ugomvi na watu wasioomba. Senja aliitikia kila mahali palipostahili kuitikiwa, akammiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake, akasubiri amalize.

"Mzee Salmela," akasema, "hao wanne hawakuanzisha njia. Walimfuata mtu."

"Mtu gani?"

"Mstaarabu sana. Kila mche ameuzunguka, hata usioonekana. Nilitaka kujua ni nani nimpongeze."

Arvid akaitazama glovu yake kana kwamba imeandikwa kitu.

"Labda kulungu."

"Kulungu mwenye kibao cha kushoto kilichopinda."

"Kile kibao nilikinyoosha mwaka juzi," akasema Arvid kwa ukali, kisha akainamia kahawa yake.

Senja hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alijua kwamba hasira ya Arvid ingeisha baada ya mapaja mawili ya nguruwe, lakini akiaibika, njia ile isingefunguliwa mpaka siku ya mazishi yake. Kwa hiyo akageuka akaitazama mashine ya samadi, akauliza kama mkate wa Bi Odile ni mzuri kama wanavyosema.

"Anazidisha iliki," akasema Arvid. "Lakini utakataaje kila Jumamosi."

Senja akamwambia kwamba chama kitapanda miche mingine mwezi wa Mei, atachimba yeye mwenyewe, na kwamba leo hii ataweka kamba na bango pale konani ili mtu yeyote asidanganyike tena. Kisha akauliza jambo moja dogo. Pale mpakani, alipovuka kuingia kwa Bi Odile, aliomba ruhusa?

"Alinikaribisha kahawa."

"Kahawa ni mlango wa jikoni, mzee. Mimi nauliza konde."

Majira mawili ya baridi, kila Jumamosi, na hajawahi kuomba. Na ndiye huyu huyu aliyewahi kuandika barua gazetini kuhusu mipaka, barua ndefu hadi ikatoka kwa sehemu mbili. Arvid alivua kofia akajikuna, akaivaa tena. Mwishowe akanyoosha mkono kuelekea karatasi zilizochomoza mfukoni mwa Senja.

"Nipe karatasi. Si yangu. Ile tupu."

Alieleza, akimtazama kulungu ambaye hakuwepo, kwamba hawezi kuwahukumu watu kwa kosa lake mwenyewe, na hawezi kuwapa wengine ruhusa ambayo yeye hana. Ataomba kama anavyotaka kuombwa. Odile akisaini, naye atasaini ya kwake upya na mashine itaondoka kabla ya Ijumaa. Odile akikataa, basi, ardhi ni yake, na huku pia patabaki pamefungwa, ili iwe haki.

Senja akaona mkahawa wake umehamia mikononi mwa Bi Odile, na akatamani asingechomeka kile kijiti. Maana karatasi za ruhusa za chama zote hubandikwa ukutani mkahawani, karibu na jiko, ili kila mwendeshaji asome ni nani wa kumshukuru. Kijiji kizima husoma, hasa wale wasioendesha. Bi Odile alikuwa amemaliza asubuhi nzima akikiambia kijiji hicho kwamba uani kwake hakuingia mtu ila wa Chicago. Akisaini, atakuwa amejikana ukutani mbele ya wote.

Walikwenda kwa barabara, ndani ya gari la Senja, Arvid amepakata paja la nguruwe. Njiani Arvid alijaza karatasi kwa penseli, akaacha mstari mmoja wazi.

Bi Odile alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Jiko lilinukia iliki. Aliwatazama wote wawili, akalitazama paja la nguruwe, akawapisha ndani. Arvid akavua kofia.

"Bi Odile, naomba ruhusa ya kupita kwenye ardhi yako. Pikipiki moja, mwendo wa taratibu, siku ya Jumamosi. Ningepaswa kuomba zamani."

Bi Odile akapangusa mikono, akavaa miwani, akaichukua karatasi. Aliisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hakukuandikwa kitu. Akamuuliza Senja hizi hubandikwa wapi siku hizi. Ukutani, Senja akasema, palepale. Bi Odile akataka kujua kama palepale ni karibu na dirisha, au upande ule wenye giza nyuma ya mlango. Senja akamwambia atapachagua mwenyewe.

"Hapa panauliza shughuli," akasema Bi Odile, kidole juu ya ule mstari ulioachwa wazi. "Shughuli ya kupita. Hukujaza."

Arvid akamtazama paka. Paka akamtazama Arvid, na kama kulikuwa na dharau popote nyumba ile, ilikuwa hapo.

Senja alitoa kalamu, akaiweka mezani karibu na mkono wa Bi Odile, polepole, kama mtu anayemwekea ndege punje. Bi Odile akaichukua.

"Basi, Odile," Arvid akasema, na lile Bi likawa limeangukia mahali fulani ngazini. "Nipite?"

Bi Odile akaisogeza miwani, kalamu mkononi, akaanza kusoma upya kutoka mstari wa kwanza, bila haraka, kama mtu anayefurahia kuombwa.