Vigingi vya Mkeka

Kigingi cha Kalume kilikuwa cha buluu, na kila Jumamosi kilipigiliwa kabla ya vingine. Zadock alipiga magoti kwenye umande, akakishindilia penye ukingo wa mkeka wa makumbi, akasema kwa sauti iliyokauka, "Kalume yuko njiani." Kisha akatulia, akisubiri mgongo umruhusu kuinuka. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, katika nyumba ya wazee huko Saint Paul, na sare ya kazi ilikuwa bado mwilini.

Klabu ya kriketi ya Oakdale waliianzisha watatu, yeye, Kalume na Duncan, mwaka ule Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi na kila Mkenya ughaibuni akajiona bingwa wa mchezo. Uwanja waliopewa ulijaa mashimo ya fuko. Kalume akaagiza mkeka wa kuchezea juu yake, kama ule aliouona Mombasa utotoni. Kila mchezaji akapewa kigingi chake cha kuushikilia, akakipaka rangi aipendayo. Wengi wao walikuwa wauguzi, na wagonjwa hawajui Jumamosi. Basi ikawa desturi kwamba aliyekwama kazini hupigiliwa kigingi na mwenzake, na jina lake hutajwa kuwa yuko njiani. Siku hizo walicheka, kwa sababu kweli alikuwa njiani. Angetokea kabla ya chai, kadi ya kazi ikining'inia shingoni, akidai apewe gongo la kupigia mpira.

Miaka ikaenda, na watu wakaenda nayo. Wengine walihamia Texas kuikimbia baridi, wengine walipata watoto wanaopenda hoki, wengine walichoka tu. Kalume aliugua, akafa, akazikwa hukuhuku, mbali na kwao Kilifi. Zadock hakuacha kumpigilia kigingi. Nani angemkataza, na nyundo alikuwa nayo yeye?

Leo mambo yalikuwa magumu. Ligi ilikwisha kuonya kwamba wakishindwa tena kuleta timu, klabu itafutwa na uwanja watapewa wengine. Vijana wa Golden Valley, wapinzani wa siku hiyo, walikuwa wamefika, jezi zimepigwa pasi, wakinyoosha viungo. Upande wa Zadock palikuwa na vigingi tu.

Simu ikalia. Alikuwa Duncan.

"Zadock, usikasirike, bro. Wameniita ku-cover shift. Nimeshindwa kusema no."

"Na wale vijana uliosema watatuchezea?"

"Si walisema watakuja? Hawajafika?"

Zadock akakata simu. Alijipekua akitafuta hasira, asiione. Hilo lilimtisha kuliko kitu chochote.

Rahab, mjane wa Kalume, alikuwa akishusha chupa ya chai garini. Hakuwahi kukosa mechi hata moja tangu amzike mumewe. Mwamuzi naye akasogea, akauliza kwa adabu kama wenzake bado wanakuja. Zadock akafungua kinywa. Jibu lilikuwa tayari ulimini, lile la siku zote.

"Shemeji," Rahab alisema polepole, "umelala lini wewe?"

Alijaribu kukumbuka, akashindwa.

"Hawaji," akamwambia mwamuzi.

Vijana wa Golden Valley walikuja kumpa mkono mmoja mmoja, kama watu waliofika matangani. Walipoondoka, yeye na Rahab waling'oa vigingi wakavitia ndooni. Mkeka ulichomoka, lakini kigingi cha Kalume kilikataa. Zadock alikivuta, akakizungusha, akakigonga ubavuni. Machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke.

"Kiache," Rahab alisema.

"Mashine ya nyasi itakigonga."

Rahab akachukua nyundo. Alipiga bila haraka, pigo baada ya pigo, hadi kichwa cha buluu kikazama ardhini. Akakifukia kwa kiganja.

"Huyu amefika," alisema.

Wakaukunja mkeka. Rahab akamimina chai. Alipogeuka kumpa Zadock kikombe, alimkuta ameuegemea mkeka, amelala fofofo.